Mguu wa Ufunguo ni Wangu, Si wa Bibi Mizizi

Nina miaka sabini na minane. Nimezika mameneja watatu, mitambo miwili ya chapa na magego yangu yote. Kwa hiyo tarehe thelathini mwezi huu, Bibi Mizizi akistaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kututafsiria vitabu, mwenye haki ya kumwandikia ni mimi, Babu Risasi, niliyempangia herufi. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kwa kusoma herufi za risasi kinyumenyume, profesa gani ananiweza?

Jina la Mizizi tulimpa kwa sababu neno halimpiti bila kulichimba. Chai inapoa, yeye bado anamtafuta bibi mzaa neno.

Sasa lile la kitabu cha wauguzi. Alikitafsiri kutoka Kijerumani. Kwenye mtulinga, ule mfupa wa begani, akaeleza kwamba Wajerumani huuita "mfupa wa ufunguo". Kitabu kikatoka na "mguu wa ufunguo". Nakala mia sita zikarudishwa. Mwanafunzi mmoja aliuliza kufuli liko goti gani. Bibi Mizizi akapewa barua ya onyo, na mwenye barua hiyo hapewi cheti cha utumishi mwema.

Mguu ule niliupanga mimi. Kijerumani nilikijua, neno moja: bein. Fundi Mjerumani aliangukiwa na chuma cha mtambo, akalia bein, bein, kashika muundi. Nimeona kwa macho yangu! Basi nilipoona jina la Kijerumani la mtulinga linaishia na bein, nikadhani mama wa watu kateleza, nikamsahihisha kimyakimya.

Alijua, wala hakunishtaki. Alikuja na birika, akanikalisha. Kumbe zamani neno hilo lilikuwa mfupa. Waingereza wamebaki na mfupa wao. Waholanzi na Waswidi wanalitumia kwa vyote viwili. Wajerumani wakahamia mguuni, ila mfupa wakausahau ndani ya mtulinga na ndani ya jina la pembe za ndovu. Nyuma ya hapo lilitoka wapi, hata yeye hajui, na jambo hilo linamkera kuliko barua. Nikamwambia hata sisi mguu unaanzia nyongani mpaka kwenye kucha, mbona hatugombani? Alicheka akamwaga chai kwenye kasha la herufi. K zilinata mwezi mzima. Tangu hapo ananiita Shemeji Bein.

Kwa hiyo, meneja, kabla ya keki ya Ijumaa, itoe barua ile kwenye faili lake na cheti kiandikwe. Ukikosa pa kuiweka, faili langu lipo. Limejaa sifa tupu, linahitaji pilipili kidogo.

Bibi Mizizi, ahsante kwa kunisitiri. Nenda kapumzike, mifupa ikae mifupa, miguu ikupeleke utakako, na siku zako zote ziwe njema.

Anayebisha amuulize mama wa jalada, mshona vitabu wetu, aliyezifumua nakala zote mia sita. Au aje kwangu: karatasi ya mwandiko wa Bibi Mizizi ninayo miaka kumi na tisa sasa, na imeandikwa "mfupa".