Vidonge Sita vya Daktari Mchopa

Kijiwe cha Selemani pale Rahaleo hakikuwa na kibao, na wala hakikukihitaji. Ukiona ubao wa mninga umelazwa juu ya injini mbili za lori zilizokufa uwe benchi, na birika la shaba juu ya mkaa, na watu wazima wanabishana mpaka kuku wanahama, basi ujue umefika. Kando ya birika, juu ya msumari, lilining'inia kopo la maziwa ya unga ambalo wenyewe waliliita Bohari. Utaratibu wake ulikuwa wa kiungwana kabisa. Mtu akiugua, akapewa dawa zahanati, akameza mpaka akajisikia nafuu, vidonge vilivyobaki havitupi, maana kutupa mali ya serikali ni kosa. Anavileta Bohari. Na mwenzake akiugua anachota. Hivyo ndivyo kijiwe kilivyojitibu miaka mitatu mfululizo, na kila mtu alikuwa anaumwa.

Alhamisi ile, baada ya sala ya alasiri, Rashidi alifika akijikuna. Walimwita Breki kwa sababu mbili: alikuwa fundi wa baiskeli, na hakuna jambo aliloanza asilifungie breki katikati. Jana yake homa ilikuwa imemrudia kwa mara ya tatu tangu mvua zianze, na Daktari Mchopa alimpa vidonge kumi: vinne ameze pale pale mbele yake, viwili jioni, viwili leo, viwili kesho. Vinne vilishuka, homa nayo ikashuka, lakini viganja na nyayo vikaanza kumwasha mpaka akajikuna kwa gunzi la hindi. Vile sita vilivyobaki alikuwa navyo mfukoni, vimefungwa kwenye karatasi, na moyo ulikuwa umeshamwambia viende Bohari.

Ila kulikuwa na Jumapili. Jumapili binti yake Zuhura anaolewa kule Kitaya, na Rashidi ndiye baba, ndiye wa kuushika mkono wa bwana harusi na kumwozesha. Siku ya posa homa ilimlaza chini ya mablanketi matatu, mdogo wake akajibu wageni badala yake, na mpaka leo mdogo mtu anasimulia alivyopendeza. Rashidi hakuweza kulisahau jambo lile. Akiacha dawa, huenda atatetemeka Jumapili. Akimeza, atajikuna mbele ya wakwe. Alichokitaka kijiweni ni mtu wa kumpa ruhusa.

— Nauliza swali moja tu, alisema akiketi. Huyu Daktari Mchopa, homa ikimshika yeye mwenyewe, vyote kumi anavimeza?

Karani aliweka kikombe chini. Aliwahi kuwa karani bandarini, akastaafu, lakini vikao havikustaafu ndani yake.

— Hoja imeletwa mezani, ndugu wajumbe. Nani anaunga mkono?

— Meza yenyewe iko wapi? aliuliza Jasinto.

Jasinto alikuwa bawabu wa zahanati. Alivuka Ruvuma na mama yake wakati vita vilipoanza ng'ambo, na sasa yeye ndiye aliyegawa vile vikadi vya namba vya kupangia foleni. Kwa hiyo wote wakamgeukia.

— Wewe uko pale kila siku. Sema.

— Nangu, mimi mwenyewe, nimeona kwa macho haya, alisema Jasinto akijigusa kope. Daktari alikuwa na homa wiki iliyopita. Kasimama dirishani, vidonge mkononi, glasi ya maji mkononi. Nikageuka kumfukuza mbuzi. Nikarudi kutazama, mkono mtupu, glasi tupu.

— Basi kameza, alisema Rashidi, na moyo wake ukazama.

— Ngoja kwanza. Chini ya lile dirisha kuna mpapai. Umewahi kuuona mpapai ule ukiugua?

— Sijawahi.

— Na papai lake limejaa uchungu! aliongeza Jasinto. Mwaka mzima nalila, nilidhani ni mbegu.

Rashidi alicheka mpaka akasahau kujikuna. Mambo yalikuwa yanaanza kwenda anakotaka.

— Hapana, hapana, alisema Karani. Usimchafulie mtu jina kwa papai. Mimi nimefanya kazi bandarini, makasha nimeyapokea. Dawa zetu zinakuja kwenye kasha kubwa. Nyuma yake kuna kikasha kidogo, kimefungwa kwa utepe. Hicho ni cha madaktari. Vidonge vyao ni vya rangi ya waridi na vina sukari.

— Ulikifungua?

— Ningekifungua kingekuwa na siri gani tena?

Jasinto akalifikiria jambo hilo, akaona lina uzito, akaomba kikombe cha pili. Selemani alimmiminia bila kusema neno. Hili lilikuwa jambo la ajabu, kwani Selemani alikuwa na maoni juu ya kila kitu, hata juu ya visigino vya wapita njia. Leo alikuwa anapuliza mkaa tu, na mkaa wenyewe ulikuwa umewaka vizuri.

— Moto Chini, mbona kimya? Rashidi alimuuliza kwa jina lake la utani.

— Mimi nauza kahawa.

— Jamani, sikilizeni, alisema Jasinto. Hao hawaumwi kabisa. Huko chuoni, siku ya kuhitimu, wanadungwa sindano moja kisiginoni. Basi, maisha. Mbu akimuuma daktari, anayepata homa ni mbu.

— Si umesema wiki iliyopita alikuwa na homa?

— Alikuwa anaigiza, ili tusione wivu.

— Ndugu wajumbe! Karani alipiga ubao kofi, vikombe vikaruka. Mnapotea njia. Tazameni utaratibu. Ili utibiwe unafanyaje? Unapanga foleni. Foleni iko nje. Daktari yuko wapi? Ndani. Sasa atakaaje ndani na asimame nje? Na akisimama nje, ndani atamkuta nani?

Karani alimgeukia Jasinto taratibu.

— Bawabu, umewahi kumpa Daktari Mchopa namba?

— Hata siku moja! alisema Jasinto, na macho yakamtoka. Lo! Maskini ya Mungu. Miaka yote hii hajawahi kuonana na daktari!

Walicheka wakaegemeana. Rashidi machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, kiganja kikamwasha, akakisugua kwenye ubao.

— Lakini vile kumi, alisema akipata pumzi. Kwa nini kumi?

— Hapo sasa, alisema Karani, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayetoboa siri ya nchi. Daktari anatujua. Anajua tunameza vinne, sita tunaleta Bohari. Kwa hiyo anafanya hesabu. Anataka umeze vinne, anaandika kumi. Angeandika vinne, ungemeza kimoja. Dozi ni vinne, Breki. Hivyo vingine sita ni vya kukutisha tu.

Rashidi alihisi mwili mzima umepoa. Neno alilolifuata lilikuwa hilo hilo, tena limetoka kwa mtu msomi. Akaitoa ile karatasi mfukoni, akasimama, akalitungua kopo msumarini na kulifungua. Ndani vidonge vilikuwa vimejaa karibu nusu. Akaiinamisha karatasi juu ya kopo.

— Asalaam aleikum.

Rashidi aliifumba karatasi kiganjani haraka, akaketi na kopo mapajani. Daktari Mchopa alikuwa amesimama akisukuma baiskeli, na pamoja na jua lote lile alikuwa amevaa sweta. Meno yalikuwa yanagongana. Hakuwa mtu wa kijiweni, kazi yake ilikuwa kupita tu na kupunga mkono, kwa hiyo wote watatu walisogea kwa pamoja na katikati ya benchi pakabaki uwanja.

— Aleikum salaam, karibu daktari, karibu kahawa.

Aliketi. Karani alitazama mawinguni, Jasinto akatazama viatu. Rashidi aliiona Jumapili mbele yake, akajikaza.

— Daktari, samahani sana. Ni swali tu. Wewe homa ikikushika, vile vidonge unavimaliza?

— Namaliza, alisema daktari kwa sauti ya kazini.

Alikipuliza kikombe cha kahawa. Mkaa ulipasuka.

— Nikisema namaliza, aliendelea, nina maana naanza vizuri.

Jasinto aliziba mdomo kwa mikono miwili. Daktari akajaribu kukasirika, ikamshinda, akacheka yeye mwenyewe huku akitetemeka.

— Nyie hamjui, alisema. Wiki iliyopita nilimeza vinne. Mikono ikaniwasha! Nimeshika sindano, mgonjwa kalala kifudifudi, na mimi nataka kujikuna. Nikaona niache. Ila Sabina, mke wangu, kila asubuhi anakagua pakiti. Vile sita vilivyobaki, viwili viwili, ilibidi nivipeleke mahali.

Watatu wote wakamgeukia Selemani polepole.

— Alikuja alfajiri kuvitia Bohari, siku tatu mfululizo, alisema Selemani kwa unyonge. Akaniapisha.

— Mwanaharamu wee! Karani alilia kwa furaha. Na sisi tunahangaika na mipapai!

— Sasa homa imerudi, alisema daktari. Na zahanati kasha la klorokwini, hivi vidonge vya homa, limekwisha. Lori limekwama matopeni, halijulikani litafika lini. Kumi vya mwisho nilimpa… Alimtazama Rashidi, halafu akatazama pembeni. Kwa kifupi, nimefuata vyangu vile sita.

Bohari haijawahi kuheshimiwa namna ile. Jasinto alilipokea kopo kwa mikono miwili, Karani akatandaza gazeti lake bila hata kumaliza kulisoma, wakamimina. Vidonge vilienea vikafunika ukurasa mzima. Vya homa, vya kichwa, vya minyoo, vya kikohozi, vya tumbo, vya marehemu mjomba wake Karani, vyote vyeupe, vyote vya mviringo, vimesuguana miaka mitatu mpaka vimevaa unga mmoja.

Daktari aliinama. Alikigeuza kimoja, akakigeuza kingine.

— Vya homa ni vipi? aliuliza.

Jasinto alikilamba kimoja akatema. Akalamba cha pili akatema. Vyote vilikuwa vichungu. Karani alikumbuka kwamba juzi alichota viwili vya kichwa akashinda chooni, ila aliona si mahali pake kulisema.

— Lakini wewe ndiye daktari, alisema Selemani kwa upole.

— Najua.

Ndipo macho yote yakahama, yakaja kutua kwenye ngumi ya Rashidi. Vidonge sita tu katika kijiwe kizima vilivyojulikana ni vya nini vilikuwa humo. Mkono wa daktari ulinyooka wenyewe, kama mkono wa mgonjwa yeyote. Kisha aliutazama kana kwamba si wake, akaurudisha mapajani.

— Meza, alisema. Viwili sasa hivi, mbele yangu.

— Kwani dozi si vinne?

— Nani kakwambia vinne?

Karani alikuwa amekwisha kunyanyua kikombe kitupu akakinywa mpaka mwisho.

— Nitawashwa, daktari. Na Jumapili naozesha.

— Utawashwa. Lakini utakuwa umesimama.

— Na wewe?

Daktari alivuta sweta mpaka kidevuni.

— Mimi itanibidi niende hospitali kubwa kesho alfajiri nikapange foleni.

— Basi inawezekana! Jasinto aliruka. Ngoja, ngoja. Akachakura mfukoni, akatoa kikadi chenye namba saba, akamkabidhi kwa heshima zote. Si ya hospitali hiyo, alisema, lakini uzoee kuishika.

Rashidi alitia viwili mdomoni. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni, akanyoosha kikombe kwa Selemani, na Selemani akainamisha birika. Likatoka tone moja. Kahawa ilikuwa imekwisha. Ikabidi vishuke vikavu, koo likapanda na kushuka, na Daktari Mchopa akalifuata koo lile kwa macho yenye wivu wa wazi kabisa.

Kiganja cha kulia kilikuwa kimeshaanza kuwasha upya. Rashidi alikitazama, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakukichukia, akatabasamu. Kwa mkono huo huo ataushika wa mkwewe Jumapili, mbele ya shehe na mdogo wake, na hakuna baba atakayelaumiwa kwa kuukamata kwa nguvu, na kuusugua, na kuendelea kuusugua mpaka dua iishe.