Mkunga wa Mboko na Matundu Manne

Bamama na bababa, ndugu mliotoka Fizi, Kazimia na Mboko, mimi Patrice, mdogo wake wa mwisho, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, Yaya Georgette Asukulu, ambaye leo, tarehe 6 Septemba 2003, tunamzika hapa Baraka kama alivyoomba.

Alizaliwa Mboko tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha uuguzi Uvira, na tangu Septemba 1973 akawa mkunga wa maternite, nyumba ya kuzalishia, ya Mboko, ambako wengi mnaonisikia mlipokelewa na mikono yake. Tarehe 9 Agosti 1975 aliolewa na mwalimu Jacques, huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa watoto wanne. Vita ilipofika, Oktoba 1996, walivuka ziwa kutoka Kazimia hadi Kigoma, na humo ndani ya mtumbwi alizalisha mama mmoja, mama na mtoto wakashuka wazima.

Mwaka 1998, huko Kigoma katika kambi ya wakimbizi, figo zake zilianza kudhoofika, na binti yake Félicité, aishiye Liège, Ubelgiji, akapata kibali cha kumchukua, lakini huko figo zilisimama kabisa, ikabidi mashine isafishe damu yake mara tatu kwa juma, ndiyo wanaita dialize. Mei 2001 wakamkuta na kansa ya utumbo mpana. Daktari wa kwanza alikataa kumpasua, akisema mgonjwa wa dialize hutoka damu nyingi na kidonda chake huchelewa kufunga; wa pili, mwanamke, alisema atapitisha kamera na vyombo vyembamba kwenye matundu manne madogo, bila kufungua tumbo lote, ila hakuficha kwamba kwa mtu wa dialize hajawahi kufanya hivyo, tena akaomba wanafunzi wake watazame.

Félicité alikataa, akilia: "Mama, we hauko kitu ya kujaribia!"

Yaya akamjibu: "Acha baangalie, mutoto yangu. Mi pia nilijifunzia kazi ku matumbo ya bamama."

Basi Jumatatu, 11 Juni, alisafishwa damu, Jumanne akapasuliwa, Jumatano akarudi kwenye mashine, na siku ya saba akatembea kwa miguu yake mwenyewe hadi kwenye gari.

Kansa haikurudi. Ni moyo uliosimama, tarehe 19 Agosti 2003, nyumbani kwa Félicité, akiwa na miaka 52, na daktari yule aliyempasua ametuandikia kwamba tangu hapo amekwisha kuwapasua wagonjwa wengine saba wa dialize kwa njia ile ile, na kila mmoja alimweleza kwanza habari za mkunga wa Mboko.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kule, wakunga wenzake, majirani wa Baraka mliotupikia na kulia nasi, na ninyi mliobeba jeneza mabegani pale gari liliposhindwa na njia ya Uvira.

Yaya, kazi umefanya, tumeiona. Pumzika sasa, kwa amani.