Mtelezo Uliokataa Kupita Langoni

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Tata Séraphin Kankolongo anavua miwani yake ya kuchomelea baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya Kapata. Alianza kwa kubeba mitungi ya gesi, akaishia mkuu wa wachomeleaji. Kazi iliyopinda hata kidogo aliirudisha bila salamu. Vijana wa karakana ni mashahidi.

Ndiyo maana kisa cha mtelezo hatuachi kukisimulia. Zamani aliagizwa kutengeneza mtelezo wa chuma kwa ajili ya bustani ya klabu ya kampuni, walimocheza watoto wa wenye kadi ya kazi tu. Wengine, ambao baba zao walikwisha kupoteza kazi, walitazama bembea kupitia wavu wa ua. Tata aliwapita kila asubuhi, akafika kazini amenuna.

Mtelezo ukakamilika, mrefu, mwekundu. Kamyo ya mizigo ikaufikisha langoni. Wapi! Ulizidi lango kwa kiganja kizima. Na aliyepima ni Tata yuleyule asiyevumilia kazi iliyopinda! Alipoulizwa, alieleza kwa upole kwamba jua la Oktoba hutanua chuma. Ikaamriwa uachwe nje mpaka lango lipanuliwe. Jioni hiyohiyo Kapata nzima ilipanga foleni, na wenye kadi nao wakatoka ndani kuja kuteleza. Mama Mbombo, muuza mikate wa pale langoni, anadai kaptura za mtaa huu hazijapata kupona tangu siku hiyo.

Lango halikupanuliwa. Miaka ikapita. Ndipo mwezi uliopita mkurugenzi wetu mpya, Tata Baudouin Mukuna, alipoagiza lango jipya, pana, ili mtelezo uingie ndani. Karakana haikupenda, maana watoto wetu na wa majirani hucheza pale. Kazi ilimwangukia Tata Kankolongo, nayo ndiyo ilikuwa yake ya mwisho. Akapima kutwa nzima.

Jumatatu lango lilisimamishwa, zuri, na maua ya chuma juu. Mkurugenzi akalipima mwenyewe. Lilikuwa jembamba kuliko la zamani. Tata akamkumbusha kwamba Juni ni baridi, na chuma husinyaa. Mkurugenzi akautazama mtelezo, akaitazama foleni ya watoto, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akatia sahihi kwamba kazi imepokelewa.

Asante, Tata. Karakana itapwaya bila wewe, na tunasikitika kweli. Wewe na mkeo, Mama Brigitte, mkapumzike salama kule Mutshatsha, mle mahindi yenu wenyewe. Ila nyumba unayoimalizia huko, mlango wake uupime vizuri: tunakuja wote.