Yule Msichana wa Kitabuni Asife
Katika basi la kutoka Magomeni, mbele yangu walikaa mwalimu wa elimu ya watu wazima na mama mmoja, mwanafunzi wake. Mwalimu alipakata riwaya ya Waingereza wa miaka mia iliyopita, ambayo huwasomea wanafunzi darasani kwa Kiswahili wakishamaliza kuandika.

"Mwalimu, yule msichana aliyezalia nyumbani atapona?" "Hapana, Mama Sitara, atakufa." "Na bwana aliyempa mimba?" "Ataoa mwingine. Mwandishi alitaka wasichana wapate funzo." "Na wanaume wapate nini?" Mzee aliyesimama karibu akasema msichana kajitakia, ingawa hakuna aliyemuuliza. Mimi nikatazama dirishani.

"Sitara wangu naye hana mume," mama akasema kwa sauti ya chini. "Anakuja darasani na mwanawe mgongoni kwa ajili ya hadithi hiyo tu. Akisikia kifo, harudi tena. Si wewe unayetutafsiria? Mponye." "Nitakuwa nawadanganya, mama." "Basi mcheleweshe, mpaka Sitara ajue kuandika barua."

Basi likasimama Kariakoo, mama akashuka. Mwalimu alibaki kitini, akipima kwa kidole kurasa zilizobaki. Hazikuwa nyingi.