Burgi Hakuusingizia Upepo

"Peleti hazitoi chochote ila joto." Hivyo ndivyo kinavyosema kipeperushi cha Rupert Zechner, muuza majiko ya kupashia nyumba joto kwa peleti hizo za mbao hapa Hinterbach. Si kweli. Kinachoungua hutoa moshi, hata usipoonekana, na kwa miaka thelathini na mmoja Notburga Eibensteiner, Burgi wetu, ameupima moshi huo nyumba kwa nyumba. Tarehe 30 Aprili msafisha dohani huyu anastaafu.

Alianza kazi wakati bonde zima likichoma magogo na theluji ya Januari ikigeuka rangi ya majivu. Peleti zilipokuja alizifurahia: vumbi la mbao lililoshindiliwa, likiwa kavu na jiko likiwa limerekebishwa vizuri, huchafua hewa kidogo kuliko gogo bichi. Lakini kidogo si sifuri, na aliwaambia watu hivyo mpaka wakamchoka. Padri alikatazwa kuweka peleti za kanisa kwenye banda linalovuja. Akanung'unika, kisha akanunua bati. Kila Mwaka Mpya watu walimgusa Burgi bega wapate bahati, kama ilivyo desturi ya huku kwa msafisha dohani. Yeye aliwajibu kwamba bahati haisafishi dohani, akawauliza aje lini.

Januari hii alifika kwa Bi Cäcilia Zechner, mama yake Rupert, ambaye tangu vuli aliumwa kichwa kila jioni. Majirani walisema ni föhn, ule upepo wa joto unaoshuka mlimani na kubebeshwa lawama za kila kichwa kinachouma bondeni. Daktari naye akakubali. Burgi akapima jiko la peleti, halikuwa na kasoro. Wengine tungekusanya vyombo tukaondoka. Yeye haridhiki na jiko mpaka aone mwenye nyumba anavyoishi nalo, kwa hiyo akamwomba Bi Cäcilia apike kama siku zote.

Bi Cäcilia akabandika kabichi kwenye jiko la umeme, akawasha feni ya jikoni. Madirisha yalikuwa mapya, zawadi ya mwanawe, hayapitishi hewa hata kidogo. Feni ikavuta hewa kuitoa nje, na hewa ya kuziba pengo ikashuka kupitia dohani, pamoja na kaboni monoksidi ya jiko la peleti lililokuwa likiwaka, sumu isiyo na rangi wala harufu. Kipimo kikaanza kulia. Burgi akazima feni, akafungua madirisha, akamtoa mama wa watu uani akiwa bado na mwiko mkononi. Kisha akarudi kulizima jiko la peleti na kulifunga.

Rupert alikuja juu. Mama yake aachwe kwenye baridi kwa sababu ya kabichi?

"Mama yako atalala kwangu," Burgi akamwambia. "Wewe kama una hakika na jiko lako, lala kwake leo, na feni iwake."

Hakulala. Wiki hiyohiyo alifunga swichi inayoruhusu feni kuwaka dirisha likiwa wazi tu. Machi föhn ukavuma siku kadhaa mfululizo, na Bi Cäcilia akazunguka sokoni akimwambia kila mtu kwamba kichwa chake ni chepesi. Sote tukashusha pumzi.

Asante, Burgi. Uishi miaka mingi yenye raha, na mabega yako sasa yawe yako mwenyewe.

Nanyi mlioweka madirisha mapya, ambao kila akipiga simu mrithi wake, Leonhard, mnamwambia aje wiki ijayo: mfungulieni mlango Jumatatu, mpike mbele yake. Kipeperushi kitupeni. Na kichwa kikiwauma, msiusingizie upepo.