Ardhi Irudishwe Kama Ilivyokuwa

Asubuhi ile benchi la mbele ya duka la Morikone, pale barabara ya bonde la Palolo inapojikunja kuelekea mlimani, lilipata watu mapema kuliko siku yoyote tangu mvua zianze. Kwenye uzio wa kiwanja cha ng'ambo kulikuwa na tangazo la jiji: mwenye kiwanja anaomba kibali cha kukata mteremko kwa muda, apate njia ya mitambo na mahali pa kurundika udongo wakati nyumba inajengwa, kisha ardhi irudishwe kama ilivyokuwa, maoni ya majirani yatapokelewa hadi leo saa kumi alasiri. Wendell Kanoho, dereva wa basi mstaafu, alikuwa na karatasi magotini na kalamu mkononi. Nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya mteremko, na chumba kilicho karibu zaidi na udongo huo ndicho anacholala mama yake, mwenye miaka tisini na mbili.

– Andika, Dereva, andika kabla sijasahau! Huyo hajengi nyumba. Nyumba gani inahitaji kuhamisha malori mia mbili ya udongo?

Huyo alikuwa Filomena Dutro, ambaye mtaa mzima humwita Shangazi Redio.

– Tangazo linasema malori sitini, Wendell alimjibu.

– Sitini yaliyoandikwa! Na yasiyoandikwa je?

Hisashi Morikone, mwenye duka, alikohoa kwanza. Alikuwa ametengeneza mashine za kufulia kwa miaka arobaini, ndiyo maana aliitwa Injinia, na jina hilo alilichukulia kama cheti.

– Nyie mnabahatisha. Mimi ramani nimeiona kwa macho yangu. Kuna mstari mwekundu unaingia mlimani. Hilo ni handaki.

– Handaki la kwenda wapi, Injinia?

– Kutokea upande wa pili! Jamaa hapendi foleni.

– Mstari mwekundu ni mpaka wa kiwanja.

– Ndivyo wanavyotaka uamini, Dereva. Umeendesha basi miaka thelathini, bado unaamini kila kibao unachokiona?

Redio alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye kandambili zake. Alipopata pumzi alisogea karibu na kushusha sauti, ingawa bado alisikika hadi kituo cha basi.

– Sikilizeni. Ni kiwanja cha helikopta. Binamu yangu aliona watu wanapima upepo.

– Binamu yako aliona mtu anaanika shati, Injinia alimkatiza. Soma vizuri hilo tangazo. "Irudishwe kama ilivyokuwa." Kisiwa hiki kilikuwaje? Kilikuwa moto! Huyo tajiri anataka kuamsha volkano apate maji ya moto ya kuoga.

– Volkano ya watu binafsi!

– Na uzio juu!

Wendell alicheka nao, lakini kalamu haikusimama. Volkano hakuiandika. Hata hivyo kelele za wale wawili zilimpandisha damu, na kwa mara ya kwanza tangu katapila la mwenye kiwanja lishushwe kule ng'ambo aliona kwamba wanaweza kushinda. Aliinuka, akaishika karatasi mbali na macho, akasoma:

– "Tunapinga ombi hili. Mteremko huu haujawahi kuguswa na mkono wa mtu tangu enzi za mababu zetu, na sisi majirani tumeutunza ulivyo."

– Eee! Redio alipiga makofi. Hapo umewamaliza!

– Rudia hapo pa mkono wa mtu, Injinia aliomba. Pananisisimua.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa akishuka kutoka kiwanjani, buti zimejaa tope, ramani imekunjwa kwapani. Aliwaamkia kwa adabu, mjomba huyu, mjomba yule, shangazi, akaomba kahawa. Aliitwa Jolene Agbayani, na ndiye aliyepewa na jiji kazi ya kulipitia ombi lile.

Walimvamia kwa pamoja. Malori, handaki, helikopta, yote yalimwagwa. Jolene alikunywa kahawa yake bila kumkatiza mtu, kisha akaikunjua ramani juu ya benchi.

– Kuhusu udongo nimewaelewa. Na mimi nina wasiwasi nao, maana mvua ndiyo kwanza inaanza. Kuna kitu kimoja tu kinanishinda. Huku juu nimekuta mfereji wa mawe, wa zamani, umepangwa vizuri sana. Unashuka mpaka kwenye uzio, halafu haupo tena. Naomba mnisaidie, wazee wangu. Maji ya mlima yalikuwa yanapita wapi?



Injinia alianza kuchunguza viatu vyake. Jumamosi moja, miaka ishirini na minane iliyopita, yeye ndiye aliyeazima katapila dogo. Redio ndiye aliyepika nguruwe wa kulisha mtaa mzima uliokuja na sepetu na matoroli, na kufikia jioni Wendell alikuwa na uwanja tambarare wa kujengea gereji, na mfereji ulikuwa umefukiwa chini yake. Karatasi ya jiji haikuwepo, na hakuna aliyeuliza. Kazi ile hawakuiita kusawazisha ardhi. Waliiita kusaidiana.

Redio aliinua chupa ya kahawa ili apate la kufanya. Yalitoka matone mawili.

– Hakuna anayekumbuka? Jolene aliuliza. Kwa sababu nisipoyaonyesha maji hayo hapa kwenye ramani, watapanga rundo lao kana kwamba hayapo. Na yenyewe yatatafuta pa kupita.

Wendell alitazama ng'ambo. Kati ya uzio na dirisha la mama yake hapakuwa na kitu ila ile gereji. Aliikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni.

– Dereva, Injinia alinong'ona, watakubomolea.

– Najua.

Kisha akamgeukia mgeni.

– Twende nikuonyeshe, mwanangu. Ila itabidi nitoe gari kwanza.