Mstari wa Sare

Mheshimiwa msimamizi wa ukumbi huu, makocha na wachezaji wa timu zetu mbili, ndugu washonaji, majirani, nanyi wanangu mlioketi pale nyuma: nawasalimu kwa heshima zote.

Nimeitwa kukata utepe ili kitambaa hiki kikubwa kifunguliwe rasmi. Mstari wake wa mwisho, wa mechi ya sare, haujakamilika, kwa sababu mauti yalimkuta mume wangu akiwa bado anaushona. Mmeniuliza nani aumalizie. Fundi cherehani amejitolea. Nitajibu, ila kwanza nivumilieni.

Kanuni mnaijua kuliko mimi. Kila mechi ina mstari wake. Shabiki wa timu iliyofungwa ndiye anayeshona, tena kwa uzi wa rangi ya waliomfunga, na kila bao ni fundo moja. Mechi ikitoka sare, mashabiki wawili wanaanza kila mmoja upande wake, mpaka sindano zikutane katikati. Mume wangu alikuwa wa Wekundu. Fundi ni wa Buluu. Hebu tazameni wenyewe mistari ya sare ilivyojaa: ni timu gani duniani zinazopenda sare kama hizi zetu?

Mnacheka. Mimi sikucheka.

Nyumbani, kifungo kikikatika, alikuwa ananipa shati. “Mama watoto, naona matundu mawili ya sindano, sijui nipitishe uzi katika lipi.” Nikamshonea miaka yote. Siku moja nikapita hapa kumletea mwavuli, nikamkuta anashona mishono midogo kama punje za ulezi, amechongoa midomo kama anayepuliza chai. Fundi akanipokea: “Wifi, kaka ana mkono mwepesi huyu!”

Wifi! Undugu huo ulianza lini? Nilimuuliza mume wangu njiani. Akasema, “Ah, ni mpira tu ule.” Mpira gani unaochezwa kwa sindano, ndugu zangu? Nikanuna hadi nyumbani, na mwavuli nikajifunika peke yangu.

Fundi, hukuniibia kitu, najua. Lakini ulimjua mtu mwenye mkono mwepesi, ambaye mimi sikupewa, na hilo linaniuma hata sasa hivi mbele ya wageni. Siku ya mazishi ulilia, nami nikawa nakutazama kwa jicho la pembeni, nipime nani analia zaidi. Kumbe wivu haujui msiba.

Basi jibu langu ni hili. Utepe akate kocha. Kanuni inataka shabiki wa Wekundu. Haya, kuanzia leo mimi ni wa Wekundu, mimi nisiyejua hata kipa ni yupi. Upande wa mume wangu nitaumalizia mwenyewe, hata mishono ikipinda. Wewe fundi umeshafika katikati, nimeona. Nisubiri hapo hapo, usinisogelee hata kidogo. Nitafika.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa naomba uzi.